Picha ya Nguo ya Nanasi

Wajukuu wangu wakija kunitembelea hukimbilia mkebe wa biskuti ulio juu ya kabati. Mkebe huo haujaona biskuti tangu mama zao walipokuwa wadogo. Ndani kuna kipande changu, kile cheti cha kujitambulisha cha wakati wa Mzungu, hereni za shanga ambazo masikio yangu hayana tena nguvu ya kuzibeba, na picha moja nyeusi na nyeupe iliyokunjika pembe. Picha hiyo haina mtu. Ina kitambaa kilichotandazwa nyuma ya kioo, chepesi hata ukuta unaonekana kupitia kwake.

"Cucu, hii ni pazia ya nani?"

Si pazia. Ni nguo ya majani ya nanasi, na iko ndani ya nyumba ya makumbusho ya taifa la Wafilipino, ng'ambo ya bahari ambayo mimi sijaichovya hata kidole. Mashimo ya nguo hiyo yalizibwa hapa Thika, mbele ya macho yangu. Hayo huwaambia kwa sauti kubwa, kwa sababu nataka wajue nyanya yao hakuwa mtu wa kuvuna mananasi ya wengine tu. Lakini wakiuliza swali la pili, kwamba picha nilipewa na nani, huwatuma waende kuangalia kama kuku wametaga.

Niliingia darasa la gumbaru nikiwa tayari na mvi, na huko ndiko nilijifunza kuandika. Kwa hivyo wacha niandike mara moja, nisiulizwe tena. Hakuna aliyenipa. Niliichukua.

Ulikuwa wakati wa emajensi, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau. Sisi tulitoka upande wa Ruiru, juu ya mto, na tulipoambiwa tuhamie kijiji kile cha kuzungushiwa seng'enge, tulipewa nafasi ya kutoa watoto, sufuria na mbuzi. Kisha nyumba zikachomwa. Ndani ya nyumba ya mama kulikuwa na ngozi aliyovaa siku ya kuolewa, vibuyu vya mamake, na kiondo ambacho nyanya yangu alikisuka kwa nyuzi za mti wa porini kabla Mzungu hajaleta makonge. Mama hakulilia nyumba. Nyumba ni miti na udongo, alisema, inajengwa Jumamosi. Alilia kiondo. Alisimama akiangalia moshi na kusema, "Sasa nikisema nilikuwa na mama, nitaonyesha nini?"

Hayo maneno yalinikaa kooni kama mfupa. Mume wangu alipopata kazi ya kuendesha trekta kwenye shamba la mananasi Thika, mimi nikapata karatasi ya kumfuata, na tukapewa chumba kwenye laini ya wafanyakazi. Hiyo karatasi ndiyo iliyonitenga na kuchimba lile handaki la kuzunguka kijiji. Mwanamke Mkikuyu aliyefukuzwa shambani alirudishwa huko siku hiyo hiyo, akapewa jembe na askari wa kumsimamia. Kila mtu alijua hivyo, na mimi nilijua zaidi, kwa sababu nilikuwa nimelichimba miezi mingi na mtoto mgongoni.

Sasa nijisifu kidogo, maana hakuna mwingine aliyebaki wa kunisifu. Katika laini ile hakukuwa na mwanamke wa kusokota uzi kama mimi. Unachukua nyuzi mbili, unaweka mate, unazibingirisha juu ya paja kwa kiganja, mara moja kwenda, mara moja kurudi, na zinashikana kama watu waliokula kiapo. Paja langu la kulia lilikuwa laini na linang'aa kama chuma cha reli. Wanawake walikuja kunitazama tu. Vyondo vyangu vilibeba mahindi mvua ikinyesha na havikulegea. Nilijiambia kwamba hata kama cha nyanya kilichomwa, mkono uliokisuka uko kwangu.

Jirani yangu wa mlango wa pili alitoka upande wa ziwa, mbali, magharibi. Walikuwa wameletwa wengi kutoka huko kujaza nafasi za watu wetu waliofungwa. Alikuwa mrefu, mweusi wa kupendeza, mpole hadi anaudhi. Kwao walikuwa na desturi ya kung'olewa meno sita ya chini wakiwa vijana, na yeye alikuwa ameng'olewa yote sita. Mimi nilikuwa na masikio yaliyotobolewa na kuvutwa mpaka karibu na bega, lakini hiyo sikuiona kuwa ajabu. Nilicheka pengo lake tu.

"Wewe jirani," nilimwambia siku moja mferejini mbele ya wanawake wote, "mahindi ya kuchoma unakulaje? Unayanyonya?"

Wakacheka. Yeye pia akacheka, akaweka ndoo kichwani.

"Nakula kwa upande, nyaminwa. Na wewe, upepo ukivuma, hayo masikio hayakubebi?"

Nyaminwa kwao ni dada. Wakacheka zaidi kuliko walivyocheka kwangu, na sikusahau.

Hivi ndivyo yule memsabu Mfilipino alivyokuja. Kampuni ilimleta mumewe kwa sababu alijua mananasi kama daktari anavyojua tumbo. Alipita kwenye mistari, akainama, akanusa udongo, akasema hili litaoza, hili litazaa. Mkewe alikuwa mdogo wa umbo, uso wa duara, nywele nyeusi zilizofika kiunoni. Sisi hatukujua tumweke wapi. Hakuwa Mzungu. Hakuwa Mhindi. Mke wa nyapara aliapa kwamba ni Mjapani aliyebaki kutoka vitani. Wake za Wazungu hawakumwalika klabu, na Wahindi wa madukani Thika walimuuzia vitambaa huku wakimkodolea macho. Basi akakaa peke yake kwenye veranda, na baada ya wiki chache tukaanza kumwona ukingoni mwa shamba, pale majani ya mananasi yaliyong'olewa yalipotupwa, akiyachagua moja moja.

"Memsabu anafuga mbuzi?" niliuliza mpishi wake.

"Mbuzi gani?" akasema. Mpishi huyo alikuwa mtu wa maneno makali, aliyejiona amezaliwa ndani ya jikoni ya Mzungu. "Anayakwangua kwa kigae cha sahani. Sahani nzima, nzuri, ameivunja kwa makusudi! Anatafuta nyuzi. Anauliza kama kuna mwanamke anayejua kazi ya nyuzi."

Sikungoja amalize. Nilienda nyumbani, nikaosha miguu, nikachukua kiondo changu bora na kufika kwenye veranda nikitweta. Jirani yangu alikuwa akipita na kuni. Aliniona nikikimbia, akadhani kuna mgonjwa, akanifuata. Hivyo ndivyo alivyofika. Kwa wema. Mpaka leo hiyo inaniuma: hata hakutaka.

Memsabu alikuwa na Kiswahili cha jikoni, cha maneno machache, lakini aliyapanga vizuri. Aliingia ndani, akarudi na kitu kimezungushwa kwenye mti wa mwanzi. Akakifungua polepole juu ya meza. Nguo. Ya rangi ya asali nyepesi, imetiwa maua ya uzi mweupe, na nyepesi mno. Nilipopumua iliinuka. Ilikuwa na shimo la moto ukubwa wa kiganja na mpasuko mrefu pembeni.

"Nyanya yangu," akasema. "Yeye alitengeneza. Majani ya nanasi."

Tulidhani hatukusikia. Nanasi? Hili tunalokata kila siku, majani yake yanatuchoma mapaja, tunayatupa?

Akatueleza. Mji wao mkubwa ulipigwa mabomu vitani mpaka ukawa majivu. Nyumba ya makumbusho ya taifa lao, iliyokuwa na vitu vya watu wao wa kale, ilianguka na vilivyokuwa ndani. Sasa wanakusanya tena. Kaka yake anafanya kazi hapo, ameandika barua kwa ndugu wote: kila mwenye kitu cha wazee kilichopona, alete. Yeye ana hii. Lakini hataituma ikiwa hivi.

"Siwezi kupeleka nyanya kwa watu na nguo ya matundu," akasema. "Ni aibu."

Jirani yangu alitikisa kichwa akikubali. Mimi niliuliza, "Memsabu, makumbusho ni nyumba ya kufanya nini hasa?"

Akafikiri. "Watu wanakuja. Wanaona. Hakuna mtu anaweza kusema, ninyi hamkuwa na nyanya."

Sijui kama nitaweza kuandika nilichohisi. Kuna wivu wa mume, huo naujua, ni kama pilipili jichoni, unalia na unaisha. Huu ulikuwa mwingine. Nyanya yake na nyanya yangu wote walikaa chini wakatoa uzi kwenye jani. Nguo ya yule iliungua kidogo, inajengewa nyumba nzima na serikali. Kiondo cha huyu kiliungua chote, na ni serikali iliyowasha kiberiti. Nilimwangalia yule mwanamke mdogo na nguo yake nikataka kuipasua. Halafu, wakati huo huo, nilitaka kitu kimoja kuliko vyote: mkono wangu uingie mle. Kama vitu vya kwetu haviwekwi popote, basi uzi wangu, uzi wa mkono wa nyanya yangu, ukalale kwenye nyumba ya watu wengine, nyuma ya kioo, ambapo hakuna wa kuuchoma.

"Nitatengeneza mimi," nikasema.

Akanipa nyuzi alizokuwa ametoa. Ziling'aa kama nywele za mtoto wa Kizungu. Nikaketi, nikavuta gauni langu juu ya goti, nikatema mate kidogo, nikasokota. Kiganja kwenda, kiganja kurudi. Uzi ukatoka mzuri, wa duara, wenye nguvu. Nikamwinulia nikiwa nimejaa kama mkate wenye hamira.

Akautazama muda mrefu. Akauvuta. "Mzuri sana," akasema. "Lakini hapana."

"Hapana?"

"Kwetu hatusokoti. Tunafunga tu."

Akaonyesha. Unachukua unyuzi mmoja na mwingine, ncha kwa ncha, unafunga fundo dogo kuliko jicho la siafu, unakata mkia kwa wembe. Halafu mwingine. Uzi unabaki bapa, haujapinda. Nikajaribu. Vidole vyangu viwili vilishika ncha moja, viwili ncha nyingine, na hapakuwa na kidole cha kushika katikati. Nikashika kwa meno. Unyuzi ukakatika. Nikajaribu tena, ukakatika. Meno yangu yalikuwa mazima na makali, ninayo mengi hata sasa, na kila niliposhika, kat!

Jirani aliweka kuni zake chini. "Memsabu, nijaribu?"

Akaketi kwenye ngazi. Akachukua unyuzi, akaupitisha pale penye pengo, akaubana kwa mdomo na ulimi, mahali pasipo na jino la kuukata. Mikono yake yote miwili ikawa huru. Akafunga. Akafunga tena. Babake alikuwa mtu wa kutengeneza nyavu, alituambia baadaye, na yeye alikua akifunga mafundo kabla ya kujua kupika. Unyuzi ulitoka mdomoni mwake kama buibui anavyotoa wake.

Memsabu alipitisha kidole, kisha akapitisha ulimi juu ya uzi ili ahisi fundo. Hakulihisi. Akapiga makofi kama msichana.

"Wewe!" akamwambia. Kisha akanigeukia mimi, kwa huruma, na huruma hiyo sikuitaka, akanipa kigae cha sahani. "Wewe, kupara. Una nguvu."

Basi nikawa mpara majani.

Kila siku baada ya kazi ya shamba, jua likiwa bado juu, tulikaa hapo veranda. Mimi nilikuwa chini na ubao magotini, napara. Unalaza jani, unashika kwa kidole cha mguu, unakwangua nyama ya kijani mpaka nyuzi za juu zinatokea, hizo ni ngumu, unaziweka kando. Halafu unakwangua tena kwa ukingo wa kijiko, taratibu, na chini yake kuna nyuzi nyingine laini, hizo ndizo zenyewe. Majani yetu ni mafupi kuliko ya kwao, alisema, kwa hivyo mafundo yatakuwa mengi. Maji ya majani yaliniwasha mikono mpaka kwenye viwiko. Nilinuka kama nanasi lililooza. Yeye, jirani, alipewa kiti. Alipewa chai kwenye kikombe chenye mkono. Mimi pia nilipewa chai, nisiseme uongo, lakini kikombe changu nilikishika na mikono ya kijani.

"Nyaminwa, hizi umepara vizuri sana," alikuwa akiniambia. "Hazikatiki hata kidogo."

"Funga mdomo," nilimjibu. "Ah, nilisahau, haufungiki."

Akacheka tena! Ningependa angekasirika. Mtu akikasirika mnalingana.

Wanawake wa laini walianza kumwita fundi. Mferejini walimpisha. Waliokuwa wakija kunitazama nikisokota sasa walikwenda kwake kumtazama akifunga. Mke wa nyapara aliniuliza, "Na wewe huko unafanya nini, unapika?" Nikamwambia napika mama yake. Nilirudi nyumbani nikamnunia mume wangu, ambaye hakuwa amefanya lolote.

Halafu nikafanya lile jambo.

Kulikuwa na mazishi ya mtu wa kwao, na jirani hakuja Jumapili moja. Memsabu alikuwa na mgeni ndani. Nilikuwa peke yangu na bakuli ambamo uzi uliofungwa ulikuwa umezungushwa, tayari kwa sindano. Nikachagua nyuzi zangu laini kuliko zote. Nikainua gauni langu, nikatema mate, nikasokota kwa upole ambao sikuwahi kuutumia hata kwa watoto, mpaka ukawa mwembamba kama unywele. Nilitengeneza urefu wa mikono yangu miwili ikinyooshwa. Nikauunga katikati ya uzi wa jirani, nikaurudisha bakulini. Nilijiambia hautaonekana. Nilijiambia utakuwa wenye nguvu kuliko mwingine wote, na siku moja nguo itachakaa na ule wangu utabaki. Huo ndio ujinga wa mtu aliyefundishwa kitu kimoja na kukijua sana. Nilidhani uzi ni uzi.

Memsabu aliushona. Macho yake yalikuwa ya miwani, hakuuona. Shimo la moto likazibika, mstari kwa mstari, kama kidonda kinavyojifunga. Alifurahi hata akaimba. Ikabaki kuifua nguo kwa maji ili ilainike na kuitandaza.

Mtu wa vyondo anajua uzi uliosokotwa ukilowa unajikaza. Mimi nilijua. Mtoto wangu wa miaka mitano alijua. Lakini sikulikumbuka jambo hilo mpaka nguo ilipokuwa tayari ndani ya karai.

Aliinua nguo. Pale paliposhonwa palikuwa pamejikunyata kama mdomo wa mtu aliyelamba ndimu, na nyuzi za zamani pembeni mwake, za nyanya yake, zilikuwa zimevutwa zikakatika. Mpasuko mpya, urefu wa kidole. Aliketi sakafuni na nguo mapajani, maji yakimtiririka. Hakupiga kelele. Alivuta uzi mmoja kwa ncha ya sindano, akaushika juu ya mwanga. Ulikuwa wa duara.

"Nani amesokota?" akasema.

Mpishi alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa begani. "Memsabu unauliza nini? Wanaosokota pajani ni Wakikuyu. Huyu hapa. Ni wivu tu, si kila siku namwona akitoa macho? Sema neno moja, bwana atampigia simu DO wa wilaya, na jioni huyu yuko kijijini."

Memsabu akainua uso akanitazama. "Aliyesokota," akasema, "asirudi hapa tena."

Meno yangu yote yalikaa kimya. Yote, juu na chini. Niliona handaki. Niliona jembe, na mtoto mgongoni, na askari amekaa kwenye jiwe akila muwa.

"Ni mimi," jirani akasema.

Mpishi akageuka. "Wewe? Wewe hujui kusokota!"

"Huyu amenifundisha pale nyumbani. Nilitaka kujaribu. Memsabu, nisamehe, sikujua utajikaza, kwetu hatusokoti."

Alisema hivyo akiniangalia mimi, si memsabu. Na memsabu, sijui kama aliamini. Hakuwa na mwingine wa kumfungia mafundo na yeye alijua hivyo, na jirani alijua hivyo, na mpishi pia alijua, maana alifyonza akarudi jikoni.

"Fungua yote," memsabu akasema. "Anza tena."

Akafungua yote. Siku kumi na mbili, kila jioni, akifungua na kufunga, na memsabu hamsemeshi, na chai haikuletwa kwa yeyote. Mimi nilipara majani kama kichaa. Nilipara mpaka kigae kikanikata kidole, nikakifunga na kuendelea.

Siku ya kwanza ya hizo, tukirudi kwenye laini, nilimshika mkono. "Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Mimi wakinifukuza," akasema, "naenda kwetu, kwa mama, nakula samaki. Wewe wakikufukuza?"

Nilitaka kumshukuru. Naapa neno lilikuwa kwenye ulimi. Nikafungua mdomo nikamwambia, "Kuku wako wamekula maharagwe yangu." Nikaingia ndani nikafunga mlango.

Ndugu zangu, mtu akikushinda kwa mikono unaweza kulala. Akikushinda kwa moyo pia, amekubakishia nini? Kabla ya siku hiyo nilimwonea wivu kidogo kidogo, kama chumvi. Baada ya siku hiyo sikuweza kumtazama akitoka mlangoni mwake.

Nguo iliisha, ikalainika, ikawa bapa kama maji. Ilizungushwa kwenye mwanzi, ikatiwa kwenye sanduku, ikaenda. Memsabu akamsamehe jirani yangu, wakawa wakiongea tena. Miezi mingi ikapita. Mananasi yakavunwa. Kisha mume wake akamaliza kandarasi, na wiki walipokuwa wakifunga mizigo, barua ikaja kutoka kwa kaka yake na picha moja ndani. Alitupigia kelele kutoka veranda tukakimbia.

Nguo ilikuwa nyuma ya kioo. Ukuta mweupe. Kibao kidogo chini yake. Nilitafuta mahali pa shimo, nikatafuta tena, uso karibu na karatasi. Hapakuwa na kitu. Hakuna ambaye angejua paliwahi kuungua.

Memsabu alilia akacheka. Picha ilikuwa moja. Akaibusu, akaiweka kwenye mikono ya jirani yangu, akaifunga mikono hiyo kwa mikono yake. Mimi alinipa kijiko. Kile cha kuparia. Kilikuwa kijiko kizuri, cha chuma kizito, na nilikitupa kwenye choo siku hiyo hiyo.

Jirani aliitundika picha ukutani kwake kwa mwiba wa mgunga. Wanawake walikuja kuiona mmoja mmoja. Siku ya kufua, wote wakiwa mferejini, mimi nilisema nimesahau sabuni. Mlango wake haukuwa na kufuli, hakuna mlango wa laini uliokuwa na kufuli. Nilitoa mwiba, nikaingiza picha ndani ya blausi, nikachukua sabuni, nikarudi nikafua mashuka. Karatasi ilinikwaruza tumbo muda wote.

Alipokosa picha yake alipekua nyumba nzima. Na mimi nilimsaidia! Niliinua godoro, nikahamisha sufuria, nikasema ni panya, panya wanapenda gundi ya picha. Aliniangalia kidogo, akasema, "Labda ni panya." Hakuitaja tena.

Mwaka haukuisha mumewe akapata kazi ya reli upande wa kwao. Lori lilikuja mchana kuchukua vitu vyao. Wanawake wote walitoka kumuaga, na mimi nilitoka mwisho, na kikapu cha viazi vya njiani, maana watu wangesema. Alipanda juu, akaketi kwenye godoro lake lililoviringishwa. Injini ilikuwa ikinguruma. Akaniita kwa kidole nisogee karibu, akainama kutoka juu ya lori mpaka nikaliona lile pengo lote.

"Nyaminwa," akasema taratibu, "isikae jikoni. Moshi utaikula. Iweke mahali pakavu."

Lori likaondoka. Nilibaki na mikono yangu hewani, sikupunga, sikuishusha.

Sikumwona tena, wala sikusikia habari zake. Watoto wangu walikua, wakasoma, wakajenga huku Gatongora na Murera, wana vyoo ndani ya nyumba na wananiita niende kulala kwao. Nimesuka vyondo ambavyo vimevuka bahari kwa watalii, na hakuna hata kimoja kilichowekwa nyuma ya kioo. Wivu haukuisha. Niliutarajia uishe nikizeeka, lakini umezeeka pamoja nami na tumezoeana.

Basi wajukuu wangu, mkisoma hili, mjue. Nguo hii iliwekwa katika makumbusho ya Ufilipino. Nyanya ya memsabu aliifuma. Mafundo ni ya jirani yangu. Mimi nilipara, na nilipara vizuri, hata yeye alisema. Na hiyo picha msiikunje pembe nyingine.

Nimeiweka pakavu.